Banda la kuku: jenga lile utakaloweza kulisafisha

Ujumbe unaoingia mara nyingi kwenye simu ya studio kila tunapomaliza kipindi cha ufugaji ni huu: kuku wangu wanakoroma usiku, macho yanatoa machozi, niwape dawa gani? Msikilizaji anasubiri jina la dawa. Sisi tunamrudishia swali: mlango wa banda lako una ukubwa gani? Wapo wanaodhani tunawatania.

Swali hilo mimi nililipata kwa hasara. Miaka michache iliyopita nilijenga banda langu la kwanza nyuma ya nyumba, hapa hapa Singida. Nilitumia mabati chakavu pande zote nne, na juu bati. Mlango ulikuwa wa kupitisha kuku na mkono wangu tu. Nilikuwa naogopa mwizi na kicheche, na kwa hilo nilifaulu, maana hakuna aliyeweza kuingia, mimi mwenyewe nikiwemo. Kinyesi kikajaa. Mvua zilipokolea, maji yakapenya chini ya bati, na baada ya wiki mbili tatu kuku wakaanza kukoroma. Nikanunua dawa ya mafua, isiposaidia nikanunua nyingine. Kati ya kuku 23 nikabaki na 9. Wale 14 ndio niliokuwa nimewategemea kwa sare na madaftari ya mdogo wangu.

Afisa mifugo alipofika hakuanza kwa kumshika kuku. Alichuchumaa, akaingiza kichwa kwenye ule mlango, akakitoa haraka huku anafuta macho. Kisha akanitaka niingize cha kwangu. Sikumaliza hata dakika moja.

Kilichokuwa mle ndani ni hewa inayoitwa amonia. Kinyesi cha kuku kikilowa na kukaa kinaoza, na kikioza kinatoa hewa hiyo kali inayowasha pua na macho. Inaanzia chini sakafuni, pale pale kuku anapovutia pumzi. Inamchoma koo na njia ya hewa usiku mzima, na koo lililochubuka ni rahisi kuingiliwa na mafua na magonjwa mengine. Ukimpa dawa asubuhi na jioni ukamrudisha kwenye hewa ile ile, unamwaga hela.

Kwa hiyo msikilizaji anayeuliza namna ya kujenga banda, jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba ajenge la mtu kwanza, halafu la kuku. Banda ambalo wewe huwezi kuingia na kusimama wima ukiwa na fagio na koleo, hutalisafisha. Utasema utalisafisha Jumamosi, na Jumamosi itapita.

Ukubwa na mahali

Tuchukue mfugaji wa kawaida wa vijijini kwetu, mwenye kuku wa kienyeji 20 wakubwa wanaoshinda nje wakijitafutia na kurudi kulala. Banda la mita 2 kwa mita 2 na nusu linawatosha. Hapo kila mita moja ya mraba inalaza kuku wanne. Wengine hubana hadi watano au sita kwa kuwa kuku wanalala tu humo, na inawezekana, lakini ukibana kinyesi nacho kinaongezeka na lazima usafishe mara nyingi zaidi. Kimo kiwe mita 2 upande wa mbele, na nyuma pungufu kidogo ili maji ya mvua yateremke.

Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji. Liwe karibu na nyumba kiasi cha kusikia kuku wakipiga kelele usiku, lakini lisigusane na ukuta wa chumba unacholala wala wa jiko. Najua nyumba nyingi kuku wanalala jikoni au sebuleni, na najua sababu ni wizi. Ila kinyesi na vumbi la manyoya vinaingia kwenye vyombo na kwenye mikono ya watoto wanaotambaa, na yule mtoto anayeharisha kila mara huenda anaugulia hapo. Mlango wa banda uelekee mlango wa nyumba yako. Mwizi hapendi kufanyia kazi mbele ya dirisha la mwenye mali.

Upande mrefu wa banda ulale kutoka mashariki kwenda magharibi. Kuna sababu mbili. Jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi, halitaingia moja kwa moja kuwachoma kuku. Na hapa Singida upepo mkali, ule ule ambao kwa miaka sasa unazungumziwa kuzalisha umeme, mara nyingi unatoka mashariki. Basi ukuta mfupi wa mashariki uzibe wote mpaka juu, na kuta ndefu mbili ndizo ziachwe wazi kwa juu. Hewa inapita kutoka upande mmoja hadi mwingine bila upepo kumpiga kuku aliyelala.

Kuta, paa na sakafu

Ukuta wa chini ujenge kwa tofali mbichi za udongo, mpaka usawa wa goti au juu yake kidogo. Juu ya hapo simamisha nguzo na uweke wavu. Sehemu hii ndiyo inayokula hela, na ndipo wengi wanapokosea. Wavu wa kuku uliozoeleka, wenye matundu makubwa, unamzuia kuku asitoke lakini haumzuii nyoka wala panya, na kicheche mdogo akipata nafasi ya kupitisha kichwa, mwili utafuata. Tafuta wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi. Kama hela haitoshi kwa banda zima, weka huo mgumu sehemu ya chini na ule mwepesi juu. Usipopata kabisa, panga fito zilizonyooka zilizokaribiana kiasi kwamba kidole gumba hakipiti vizuri, uzifunge kwa waya. Kazi ni kubwa lakini nimeona mabanda ya fito yaliyodumu.

Chimba msingi kina cha futi moja na uujaze mawe kabla ya kupanga tofali, kwa sababu wanyama wengine hawapandi, wanafukua. Kama nyumbani kwenu siafu hupita, zungushia majivu makavu nje ya ukuta na uyabadilishe yakilowa.

Paa la nyasi lina ubaridi mzuri mchana, ila linaficha nyoka na wadudu, na baada ya misimu kadhaa linaanza kuvuja. Bati linadumu na linasafishika lakini linachoma. Mimi sasa nina bati lenye nyasi zilizofungwa kwa chini, kama dari, na kila kiangazi nazitoa, nazichoma na kuweka nyingine. Chochote utakachochagua, paa lichomoze nje ya ukuta kwa futi moja na nusu angalau. Bila hivyo mvua ya upepo itaingia kwenye wavu na kulowesha matandazo, na utakuwa umerudi kwenye banda langu la zamani.

Sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa kimo cha tofali moja. Mwenye saruji aweke, hata kama ni tabaka jembamba. Asiye nayo atumie udongo wa kichuguu: uponde, uloweshe kidogo, ushindilie mpaka ugumu, kisha usiribe kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Udongo wa vumbi ulioachwa hivi hivi ndipo viroboto wanapozalia.

Juu ya sakafu tandaza maranda ya fundi seremala, pumba za mpunga au makapi ya mtama au uwele, unene wa vidole vinne. Vumbi laini la msumeno liache, hasa kama una vifaranga, kwa sababu wanalila. Kila mara unapoingia bandani chota konzi moja ya matandazo uibane mkononi. Ukifungua yakaachana, ni makavu. Yakibaki kama tonge, yameshalowa na yanatakiwa kutoka leo.

Kwa mwenye kuku wachache, tuseme 8 au 10, kuna njia nyingine ya bei ndogo: banda la kuinua. Linakaa juu ya nguzo, sakafu yake ni fito zilizoachana upana wa kidole, na kinyesi kinadondoka chini. Nguzo ziwe ndefu kiasi cha fagio na mtu aliyeinama kupita. Wengi wanaziweka fupi, shubiri mbili tu kutoka ardhini, basi chini pale panageuka jalala lisilofikika na maskani ya panya. Vifaranga wasilale humo, miguu yao inapenya kwenye fito.

Miezi ya baridi

Kila Juni inapoingia, watu wanaziba. Wanatafuta viroba, mablanketi mabovu, udongo, wanaziba kila tundu. Nawaelewa, baridi ya Juni na Julai hapa kwetu si ya kuchezea. Lakini kuku mkubwa mwenye manyoya anastahimili baridi kuliko anavyostahimili unyevu na hewa chafu. Usiku anavuta na kutoa pumzi, ile pumzi ina maji, na banda lililozibwa linaamka limelowa ndani.

Viroba vifungwe kama mapazia kwa nje ya wavu, ili viweze kukunjwa. Jioni viteremshe kuanzia usawa wa ukuta wa tofali, lakini juu kabisa, chini ya paa, acha uwazi wa upana wa kiganja pande zote mbili. Uwazi huo usizibwe mwezi wowote. Asubuhi vikunje. Vifaranga ndio wanaohitaji joto, na hao waache na mama yao kwenye tenga, kwenye kona isiyo na upepo, kwa majuma manne ya mwanzo angalau. Tenga hilo litakusaidia mchana pia, maana mwewe anawajua vifaranga wako kuliko unavyowajua wewe.

Vichanja visipigiliwe misumari

Kuku kwa asili analala juu. Ukimnyima kichanja atalala kwenye kinyesi chake au atapanda kwenye viota na kuvichafua. Tumia miti ya mviringo, minene kiasi kwamba kuku anaikamata vizuri kwa vidole, kama unene wa mpini wa jembe. Kila kuku mpe nafasi ya shubiri moja, na kati ya mti na mti acha shubiri moja na nusu. Vyote viwe usawa mmoja, kimo cha kiunoni au chini yake. Ukivipanga kama ngazi, kila jioni kutakuwa na ugomvi wa nani alale juu, na wa chini watanyewa.

Sasa sikiliza hili: usivipigilie. Simamisha panda mbili kila upande, uviweke juu yake tu, ili siku yoyote uweze kuvibeba mikononi na kuvitoa juani. Utitiri mwekundu, wale wadudu wadogo sana wanaomnyonya kuku damu usiku, mchana hawakai kwenye kuku. Wanajificha kwenye nyufa za vichanja, hasa pale mti unapokutana na mti mwingine. Ndiyo maana mtu anamkagua kuku saa sita mchana, haoni kitu, anasema kuku wake ni wazima, huku kuku amepauka kilemba na ameacha kutaga. Wakati wa joto, utitiri unaweza kutoka yai hadi kuwa mdudu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kukagua ni rahisi: ingia usiku na tochi ya simu, pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja. Kikitoka na madoa mekundu, unao.

Tiba ya kwanza ni maji yanayochemka. Toa vichanja nje, vimwagie, hasa ncha zake, viache juani kutwa nzima. Ncha na zile panda zipakwe mafuta ya taa au oili chafu kabla ya kuvirudisha, ukiwa mbali na moto, na visirudi mpaka vikauke. Kuku mwenyewe usimpake. Papasi wa kuku nao wana tabia kama hiyo ya kujificha mchana, ila wao wanapenda nyufa za ukuta wa udongo, kwa hiyo siriba ukuta upya kila mwaka. Viroboto ni tofauti. Hao utawaona mchana, wameng'ang'ania pembeni ya macho na kwenye kilemba kama punje za uwele. Wapake mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, watakosa hewa na kuachia. Angalia tu yasiingie jichoni.

Na hapa naomba niseme bila kuzunguka. Kwenye vijiji vyetu vinavyolima pamba kuna watu wanaomwagia kuku dawa ya pamba. Wadudu wanakufa, ni kweli. Lakini ile ni sumu ya shambani, kuku anaivuta na kuidonoa anapojisafisha manyoya, na inaweza kuishia kwenye yai na nyama unayompa mtoto. Duka la dawa za mifugo lina unga wa kuulia wadudu wa kuku. Uliza muuzaji ukae siku ngapi bila kula mayai, umwombe akusomee maandishi kwenye kopo kama ni madogo.

Viota

Kwa kuku wanne au watano wanaotaga, kiota kimoja kinatosha. Upana shubiri moja na nusu kila upande, kiwe mahali penye giza na chini ya usawa wa vichanja, la sivyo watalala humo. Boksi, kikapu, hata chungu kilichopasuka kinafaa, alimradi kinaweza kubebwa. Kuku akimaliza kuangua, nyasi za kiota hicho zichomwe zote, usitie nyingine juu yake. Mama mmoja wa Ikungi aliwahi kutueleza kuwa huweka majani ya mwarobaini chini ya nyasi na kuku wake hawakimbii mayai. Wengi wanafanya hivyo. Mimi naweka, lakini bado nachoma nyasi.

Kazi ya kila siku, na siku nne za mwaka

Kila siku kazi ni ndogo: fungua mapema, mwaga maji ya jana, osha chombo, kiweke juu ya tofali ili wasikiparure wakajaza uchafu, na utoe matandazo yaliyolowa kuzunguka hapo. Duara hilo la unyevu kwenye chombo cha maji ndilo linalokuza vimelea vya kuhara damu, na vifaranga ndio wanaokufa kwanza. Kila wiki koroga matandazo kwa reki na uondoe kinyesi kilichorundikana chini ya vichanja.

Usafi mkubwa mimi nimeufunga na chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo hauna tiba, ukiingia kijijini unafagia, na chanjo yake ya matone ya macho inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Basi nimechagua Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Alfajiri kabla sijafungua banda, kuku wote wakiwa ndani, namshika mmoja mmoja: mkubwa kwa mdogo, tone moja kwenye jicho moja, nasubiri apepese, namtoa nje. Wa mwisho akitoka banda ni tupu, nami nina fagio mkononi. Matandazo yote yanatoka, vichanja na viota vinakwenda juani, kuta zinapakwa chokaa, jioni natandaza mapya. Kwa kuku wanaolala juu ya miti kazi hiyo haiwezekani, utawakimbiza mpaka jua liwake na nusu yao utawakosa.

Chupa moja ya chanjo ina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo kubalianeni majirani watatu wanne mnunue pamoja na kuchanja siku moja. Ikibebwa isikae juani wala mfukoni. Kuku anayeonyesha kuumwa usimchanje ukitegemea apone, chanjo si dawa.

Yule aliyekufa kwa ugonjwa afukiwe shimo refu au achomwe. Tabia ya kumchinja haraka kabla hajafa, kula, na kutupa manyoya na utumbo nyuma ya nyumba ndiyo inayoutembeza mdondo kutoka kaya hadi kaya. Baada ya vifo, toa kila kitu bandani, choma matandazo, osha kwa maji na sabuni, paka chokaa, liache wazi na tupu si chini ya wiki mbili kabla ya kuleta kuku wengine. Najua inauma kungoja wakati mnada wa kuku ni Jumamosi.

Matandazo ya kawaida, yasiyo ya ugonjwa, ni mali. Yarundike mbali na banda, yamwagie maji kidogo, yafunike, uyaache yaoze miezi miwili ndipo yaende kwenye mchicha au vitunguu. Yakiwa mabichi yanaunguza miche.

Kwa anayetaka kuanza: tofali mbichi hazikauki wakati wa mvua, na nyasi nzuri za kuezekea hukatwa baada ya mvua kukatika. Ukifyatua Juni, ukajenga Agosti, ukasiriba Septemba, kuta zitakuwa zimekauka kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Wavu nunua mwisho, ukiwa umeshapima nguzo zako zilizosimama, si zile ulizochora kwenye karatasi.